Kabla ya kununua difu ya pikapu, hesabu meno

Pikapu iliyobeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Nairobi haikutani na mlima mmoja. Inaanzia bonde la Ziwa Eyasi, mita 1,000 na kidogo juu ya usawa wa bahari, inapanda hadi Karatu, karibu mita 1,500, inashuka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mto wa Mbu, inapanda tena taratibu hadi Arusha, kisha inavuka Namanga na kuendelea kupanda kupitia Kajiado hadi Nairobi, karibu mita 1,700. Dereva aliyeizoea njia hiyo anajua kwa masikio ni wapi gia ya nne inakataa na ni wapi ya tatu inalia. Asichokijua, mara nyingi, ni namba moja iliyo ndani ya difu yake, ambayo ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya mambo hayo.

Namba hiyo hujulikana ghafla, tena kwa hasara. Difu ya zamani imeanza kuvuma, beringi zimekwisha, meno yameliwa. Mzigo uko tayari na mnunuzi wa upande wa pili wa mpaka hakati simu. Fundi anasema ipo difu nyingine ya Hilux, imetoka kwenye gari lililokatwa, bei nafuu, inaingia bila kukata wala kuchomelea. Na kweli inaingia. Nati zinakubali, hafu shafti zinakaa, propela inafungwa, gari linatoka gereji siku hiyo hiyo.

Habari yenyewe inakuja safari ya kwanza yenye mzigo. Mahali ambapo gari lilipanda kwa gia ya nne sasa linaomba ya tatu, palipotosha ya tatu linaomba ya pili, na klachi inaanza kunuka kabla ya kufika juu. Au inakuwa kinyume chake: gari limepata nguvu ya ajabu milimani, lakini likifika tambarare injini inapiga kelele kwa mwendo uleule wa kila siku, na tanki linakwisha kabla ya kituo kilichozoeleka. Mwenye gari anamlaumu fundi, fundi anailaumu injini, na pampu ya dizeli inafunguliwa bila kosa lolote.

Kuingia ni jambo moja. Uwiano wa meno ni jambo jingine, na hauonekani kwa nje.

Namba yenyewe

Ndani ya difu kuna meno mawili makubwa ya kazi. Pinioni ni ndogo, imeunganishwa na propela. Krauni ni kubwa, ndiyo inayozungusha hafu shafti na magurudumu. Ukigawanya idadi ya meno ya krauni kwa meno ya pinioni unapata namba ya difu. Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 10 ni 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja. Meno 43 kwa 10 ni 4.3. Meno 41 kwa 9 ni 4.56 kwa kukadiria. Meno 39 kwa 8 ni 4.875. Kwenye Hilux za zamani hizi nne ndizo mfanyabiashara anazoweza kukutana nazo sana, na kwa macho ya haraka juu ya meza ya muuza spea hazina tofauti.

Namba ikiwa kubwa, injini inazunguka zaidi kwa kila mita ya barabara na gurudumu linapata msukumo mkubwa zaidi. Mafundi wengi huiita difu ya nguvu. Namba ikiwa ndogo, injini inapumua zaidi kwenye mwendo lakini msukumo unapungua. Hiyo ni difu ya mwendo. Maneno haya yanatosha gereji moja lakini hayatoshi ukivuka mpaka, kwa sababu kuna anayesema "difu kubwa" akimaanisha namba kubwa, na mwingine akimaanisha gari linalokimbia. Anayeagiza difu kwa simu kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, au soko la Kisekka, Kampala, aulize meno. Sifa aziache.

Ukubwa wa tofauti unaonekana kwenye hesabu. Chukua tairi ambalo mzunguko wake mmoja unakwenda mita 2.2 hivi, karibu na lile la 205R16 lililokuwa kwenye Hilux nyingi za fowili. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gurudumu hilo linazunguka mara 606 kwa dakika. Gari likiwa gia ya nne, ambayo kwenye gia boksi nyingi za namna hii inapitisha mzunguko wa injini moja kwa moja, difu ya 4.1 inaidai injini mizunguko karibu 2,490 kwa dakika, ya 4.56 inadai karibu 2,760, na ya 4.875 inadai karibu 2,950. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna mizunguko zaidi ya 460 kila dakika. Kwa saa mbili za lami, ambazo ni karibu sawa na kipande cha Namanga hadi Nairobi, injini moja inazunguka zaidi ya mara 55,000 kuliko nyenziwe kufika mahali palepale.

Hapo mtu anaweza kukimbilia 4.1 na kufunga mjadala. Asiharakishe. Injini ya 3L ya Toyota, dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo, inatoa nguvu yake kubwa ya kuvuta karibu na mizunguko 2,400. Gari hilo likiwa gia ya tano, inayopunguza mizunguko ya injini hadi 0.85 hivi ya ile ya propela, kwa kilomita 80 difu ya 4.1 inaiweka injini kwenye mizunguko 2,110 na difu ya 4.56 inaiweka kwenye 2,350. Hii ya pili ndiyo iko karibu na pale injini inapovuta vizuri. Kwenye mwinuko mdogo, ule ambao macho hata hayauoni, gari la 4.56 linabaki gia ya tano, na la 4.1 linarudi ya nne, linapanda, linarudi ya tano, linachoka, linarudi ya nne tena. Kwa gari lenye mzigo, difu iitwayo ya mwendo inaweza kuchelewa kufika.

Mlima, na hewa ya mlimani

Kutoka 4.1 kwenda 4.56 kunaongeza msukumo kwenye gurudumu kwa asilimia 11 katika kila gia. Hiyo ni nyingi au kidogo? Jibu linategemea gari linafanyia kazi wapi.

Injini isiyo na tabo inaishi kwa hewa inayoivuta yenyewe, na hewa inapungua uzito kadiri unavyopanda. Kwenye mita 1,700, usawa wa Nairobi au Mbeya, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Kwa hiyo pikapu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kati ya Tanga na Mombasa ikihamishiwa Mbeya inakuwa imekatwa sehemu ya nguvu zake kabla hata haijawekewa gunia la kwanza. Difu ya namba kubwa zaidi inarudisha sehemu ya kile ambacho mwinuko umekichukua. Ndiyo maana ushauri wa dereva wa Horohoro hauwezi kuwa ushauri wa dereva wa Katuna, ingawa wote wana Hilux ya injini ileile, na kila mmoja anasema kweli kwa barabara yake.

Mchele wa Kyela unatoa mfano mwingine. Unaanza kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa, kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, unapanda kupitia Tukuyu hadi Mbeya. Mzigo mzito unapanda, na hewa inapungua kadiri gari linavyohitaji nguvu. Barabara ya Bujumbura ni kinyume. Anayepeleka mzigo kutoka mpaka wa Kabanga na Kobero anapita milima ya Burundi hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kisha anashuka mpaka ukingo wa Ziwa Tanganyika, mita 770 na kitu, kwa safari isiyofika kilomita 50. Wa Kyela anahitaji kusukumwa, na wa Bujumbura anahitaji kushikwa. Difu yenye namba kubwa inamsaidia huyu wa pili pia, kwa kuwa injini inashika gari zaidi akiwa kwenye gia ileile, lakini kwa mteremko kama huo fedha ya kwanza iende kwenye breki.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Kati ya gia ya tatu na ya nne kwenye gia boksi nyingi za pikapu hizi kuna tofauti ya karibu asilimia 40. Kubadili difu kutoka 4.1 kwenda 4.56 ni asilimia 11, yaani karibu robo ya hatua ya gia moja. Difu mpya haiwezi kuifanya gia ya nne ivute kama ya tatu. Inachofanya ni kusogeza mahali ambapo gia ya nne inakata tamaa. Mwenye gari ambalo kwenye mlima wake wa kila siku linakwama katikati, la tatu linalia na la nne linazimika, ataiona faida kuanzia siku ya kwanza. Mwenye gari linalopanda kwa gia ya pili kwa sababu limebeba tani mbili juu ya chasisi ya tani moja hataona kitu. Tatizo lake limepangwa juu ya bodi, kwenye magunia.

Na hilo la uzito lina mtego wake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inawalenga wenye magari ya kuanzia kilo 3,500, kwa hiyo pikapu nyingi zinapita karibu na mzani bila kusimamishwa. Dereva akizoea kutopimwa, anaanza kudhani gari halina kikomo, na difu ya nguvu inampa moyo zaidi. Lakini difu haijagusa springi, haijagusa beringi za magurudumu, wala haijaongeza unene wa hafu shafti. Kinachoongezeka ni uwezo wa kuupandisha juu mzigo ambao gari halitaweza kuushusha salama.

Difu iliyobadilishwa na tairi

Wapo waliobadili difu zao bila kufungua nati moja. Tairi la mita 2.2 likitolewa na kuwekwa la mita 2.4, kwa sababu linapendeza au kwa sababu linapita vizuri kwenye makorongo, difu ya 4.1 inakuwa sawa na ya 3.76 kwenye tairi la awali. Gari limepoteza zaidi ya asilimia 8 ya msukumo. Injini iko vilevile, klachi iko vilevile, na mwenye gari anashangaa nguvu zimekwenda wapi.

Anayetaka kubaki na matairi hayo makubwa na kurudisha hali ya mwanzo anahitaji difu ya karibu 4.47. Ya namba hiyo hasa haipatikani kwenye familia hii, na iliyo karibu ni 4.56. Lakini njia ya bei rahisi zaidi ni kurudisha tairi la kiwandani na kupima kwanza. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kutumia fedha za difu nzima ili kutibu ugonjwa alioununua mwenyewe duka la matairi.

Kupima bila kufungua

Toyota nyingi za zamani zina kibao cha chuma kwenye ukuta wa injini au nguzo ya mlango, na kwenye mstari wa gia boksi na ekseli kuna herufi na namba zinazotaja aina ya difu. Kibao hicho kinasema ukweli kuhusu siku gari lilipotoka kiwandani. Gari lililopita mikono ya watu wanne na nchi mbili linahitaji ushahidi mwingine.

Ushahidi huo unapatikana kwa chaki na nusu saa. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu ya mbele yawekewe vigingi mbele na nyuma, kwa sababu breki ya mkono itaachiwa na gia itakuwa huru. Ufunguo utolewe. Fowili iwe imetolewa. Gurudumu moja la nyuma liinuliwe na gari liwekwe juu ya stendi, kwani jeki peke yake haitoshi. La pili libaki chini. Piga alama ya chaki kwenye tairi lililoinuka na nyingine kwenye propela. Mtu mmoja azungushe tairi, mwingine ahesabu propela.

Kwa kuwa gurudumu moja limeshikwa na ardhi, lililo juu linalazimika kuzunguka mara mbili ili krauni izunguke mara moja. Ukizungusha mara mbili tu, kutofautisha 4.1 na 4.3 kwa jicho ni vigumu. Zungusha tairi mara 20. Propela ikizunguka mara 41, difu ni 4.1. Ikizunguka 43, ni 4.3. Ikifika 45 na nusu, ni 4.56. Ikikaribia 49, ni 4.875. Hii inafaa difu zisizo na loki. Kwenye difu yenye loki iliyoshika, gurudumu lililo juu halitazunguka peke yake.

Difu inayouzwa ikiwa chini ni rahisi zaidi, kwa sababu meno yanaonekana. Weka alama kwenye jino la kwanza na uhesabu mpaka urudi palepale, krauni kwanza, kisha pinioni. Mara nyingi uwiano umechorwa kwenye chuma chenyewe. Maandishi ya rangi au chaki yaliyowekwa na muuzaji yasomwe kama maneno ya muuzaji. Angalia pia kwamba krauni na pinioni ni za seti moja, maana zinasagwa pamoja kiwandani na hupewa namba ya kuoana. Krauni ya seti moja na pinioni ya seti nyingine zinaweza kuzunguka vizuri mezani, zikavuma barabarani na kulana kabla ya mwaka kuisha.

Nyuma 4.56, mbele 4.1

Kosa linalogharimu zaidi linawapata wenye fowili. Difu ya nyuma ndiyo inayochoka mapema, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi kila siku, kwa hiyo inabadilishwa peke yake. Kama mpya ina namba tofauti na ya mbele, hakuna anayejua. Gari linatembea na gurudumu za nyuma tu, loki za mbele zimefunguliwa, kila kitu ni kimya. Miezi inapita ya kiangazi.

Mvua zinapoanza, barabara ya udongo ya mashambani inageuka uji. Dereva anashuka, anafunga loki, anaingiza fowili. Sasa difu mbili zinadai mizunguko tofauti kutoka transfa moja. Kwa kila mita magurudumu ya mbele yanataka kwenda mwendo mmoja na ya nyuma mwendo mwingine, kwa tofauti ya asilimia 11. Kwenye tope matairi yatateleza na kuificha aibu hiyo kwa muda. Akitoka kwenye tope na kukanyaga lami au changarawe ngumu bila kutoa fowili, hakuna tena cha kuteleza. Usukani unakuwa mzito, transfa inagonga, fimbo ya fowili inagoma kutoka, na kitu dhaifu kuliko vingine kinavunjika, iwe cheni au meno ya transfa, msalaba wa propela, au difu ya mbele. Mzigo unaoza mahali ambapo hakuna gari jingine litakalopita mpaka kesho.

Kwa hiyo, mwenye fowili hana uamuzi wa difu moja. Ananunua mbili za namba moja, au anatafuta ya nyuma yenye namba iliyo mbele. Bei ya 4.56 kwake ihesabiwe mara mbili, pamoja na kazi ya mbele ambayo ni ndefu kuliko ya nyuma. Wengi wakifanya hesabu hiyo wanagundua kwamba namba nzuri kwao ni ileile waliyokuwa nayo.

Difu nzima au meno matupu

Hilux ina urahisi mmoja ambao umeisaidia kuishi miaka mingi kwenye barabara za ukanda huu. Kiini chote cha difu, pamoja na krauni, pinioni na beringi zake, kinatoka mbele ya ekseli kama kipande kimoja. Mafuta yanamwagwa, hafu shafti zinavutwa, propela inafunguliwa, nati zinalegezwa, na kiini kinatoka. Kingine kilichopangwa kiwandani na ambacho hakijaguswa kinaweza kuingia kikiwa na vipimo vyake.

Kununua krauni na pinioni peke yake ni kazi ya aina nyingine. Pinioni ikae kina kinachotakiwa, beringi zibanwe kwa kiasi chake, na nafasi ya kucheza kati ya meno iwe ndogo sana. Kwa difu ya Toyota ya inchi 8 ni kati ya milimita 0.13 na 0.18. Hicho si kipimo cha kidole gumba. Kinahitaji saa ya kupimia, na rangi ya kupaka kwenye meno ili kuona yanapogusana. Gereji isiyo na saa hiyo isipewe kazi hiyo, hata kama fundi wake ana mikono mizuri kwa mengine yote.

Hata kwa kiini kizima, pima idadi ya mifuo ya hafu shafti na matundu ya bolti za propela kabla ya kulipa. Miaka na injini tofauti zilikuja na tofauti ndogo, na kubadilishana difu baada ya kuvuka mpaka si jambo la jioni moja.

Kilomita hewa

Spidi mita ya pikapu hizi inapata mwendo wake kutoka mkia wa gia boksi au transfa, kabla ya difu. Difu ikibadilika, spidi mita haijui. Aliyetoka 4.1 kwenda 4.56 akiwa mwendo wa kweli wa 80, mshale unasema 89. Huyo hana hatari ya faini, anachelewa tu. Aliyetoka 4.56 kwenda 4.1 yuko pabaya zaidi: mshale unasema 50 kwenye makazi ya watu, gari liko 55 na ushee, na askari mwenye tochi hatasikiliza habari za meno.

Kuna udanganyifu mwingine uliojificha hapo, na huu unaingia kwenye daftari la biashara. Kihesabu kilomita nacho kinakosea kwa kiasi kilekile. Baada ya kuweka 4.56, kila kilomita 100 za barabara zinaandikwa kama 111. Mwenye gari anagawanya kilomita hizo kwa lita alizojaza, anaona gari limeanza kula dizeli kidogo, na anawasimulia wenzake mpakani kwamba difu ya nguvu inabana mafuta. Zile 11 za ziada ni hewa. Atakayeamini atanunua kwa sababu isiyokuwepo. Matumizi yapimwe kwa umbali unaojulikana, kwa mfano vibao vya kilomita vya barabarani, mzigo uleule, kwenda na kurudi. Magari mengi ya zamani yana kigia kidogo cha plastiki kinachoendesha waya wa spidi mita, na kwa kukibadili na kingine chenye meno tofauti kosa linaondoka au linapungua sana.

Mzigo unaelekea wapi

Wafanyabiashara wengi wa mpakani hawana mzigo unaolingana kwenda na kurudi. Vitunguu vinapanda Nairobi kwa uzito, na gari linarudi na nguo au vyombo vya plastiki. Difu ichaguliwe kwa upande ule mzito na kwa mlima mrefu zaidi wa upande huo, kwa tairi lililopo sasa. Kwa dizeli isiyo na tabo inayopanda na mzigo kila wiki kwenye maeneo ya zaidi ya mita 1,000, namba ya 4.3 au 4.56 ina maana kuliko 4.1. Kwa anayekaa pwani au kwenye tambarare ndefu, akipanda mlima mmoja kwa safari, 4.1 inamtosha, na mlima huo ataupanda kwa gia ya tatu kama ilivyokuwa siku zote. Ile ya 4.875 ifikiriwe na mwenye matairi makubwa au anayeshinda kwenye barabara za udongo zenye miinuko mikali. Kwenye lami ya masafa marefu itamchosha dereva kwa kelele kabla haijaichosha injini.

Difu ikinunuliwa nchi moja ili ifungwe nchi nyingine, ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na kuificha chini ya magunia hakuifanyi kuwa sehemu ya gari. Risiti iwe na jina la kifaa na bei, itangazwe forodhani, na kwa kuwa kanuni za spea zilizotumika si sawa katika kila nchi, swali liulizwe kabla ya kulipa. Ile ya zamani isiuzwe kama chuma chakavu siku ileile. Kiini ambacho meno yake ni mazima na kilichokufa ni beringi tu bado kina thamani, na kikiwa nyumbani kinajulikana namba yake.

Baada ya kufunga, mafuta yawe ya difu ya daraja la GL-5, yajazwe mpaka usawa wa tundu la kujazia. Kilomita 500 za mwanzo gari lisipewe mzigo kamili. Baada ya hizo, mafuta yamwagwe kwenye beseni safi na kizibo chenye sumaku, kama kipo, kifutwe kwa kitambaa cheupe. Uji mwembamba wa kijivu ni kawaida ya meno yanayozoeana. Kikionekana kipande kinachoshikika kwa vidole, kiini kitoke tena kabla ya safari inayofuata, hata kama sauti bado ni nzuri.